Maisha katika kambi za watafiti wa barafu Antaktika

KATIKATI ya Antaktika Magharibi, umbali wa takriban kilometa 1,600 kutoka McMurdo, kituo kikuu cha Marekani katika bara hilo, upo uwanda wa theluji usio na mti, jiwe wala mnyama. Hapo ndipo ilipojengwa kambi ya WAIS Divide, ambako watafiti walichimba barafu hadi kina cha meta 3,405, kazi iliyokamilika mwaka 2011. Barafu waliyoitoa humo imehifadhi kumbukumbu za hali ya hewa ya dunia za miaka ipatayo 68,000.

Mafanikio kama hayo husimuliwa kwa takwimu za maabara. Lisilosimuliwa sana ni kwamba sehemu kubwa ya siku za mtafiti huko huishia katika kuchota theluji kwa beleshi, kuyeyusha maji na kungoja ndege.

Msimu wa kazi ni mfupi, kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Februari, wakati jua halizami kabisa. Hata katika kiangazi hicho, baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Watu na mizigo hupelekwa kwa ndege aina ya LC-130, zilizofungwa skii ndefu za kutua juu ya theluji. Kabla ya kutua mahali papya, picha za setilaiti na rada huchunguzwa ili kubaini nyufa zilizofunikwa na theluji nyembamba, kwani ufa wa aina hiyo unaweza kumeza gari zima.

Vitu vya kwanza kuwekwa tayari ni hema, jiko, chakula na redio. Hema linalopendwa zaidi lina umbo la piramidi na kitambaa cha tabaka mbili, mtindo uliobadilika kidogo tu tangu zama za mpelelezi Mwingereza, Robert Scott. Kamba zake hufungwa kwenye vipande vya mbao vinavyofukiwa ardhini. Theluji ikishindiliwa kwa miguu na kuachwa kwa muda, hukaza kama saruji. Mahema hupangwa kwa mstari mmoja unaokingama upepo, kwa kuwa nyuma ya kila hema theluji hurundikana na kufukia chochote kilichopo.

Njia za kambini huwekewa bendera kwenye fito za mianzi, na bendera nyeusi ni onyo la hatari. Alama hizo si pambo. Mawingu yakishuka, mbingu na ardhi huwa rangi moja, na mtu anaweza kupotea hatua chache kutoka hemani mwake. Kila siku, kwa saa iliyopangwa, kambi ndogo hulazimika kuripoti McMurdo kwa redio au simu ya setilaiti; ikikaa kimya, maandalizi ya kuitafuta huanza.

Ajabu kubwa ni maji. Antaktika ina takriban asilimia 70 ya maji baridi yote duniani, lakini hakuna kikombe kimoja kinachonyweka bila kuchoma mafuta, na mafuta hayo husafirishwa kutoka mbali kwa gharama kubwa. Kwa sababu hiyo kuoga ni anasa. Theluji ya kunywa huchotwa sehemu maalumu, upande unakotoka upepo, mbali na choo na jenereta. Usiku, chupa ya maji huingizwa ndani ya mfuko wa kulalia ili isigande. Aidha, Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika mwaka 1998, inataka takataka nyingi ziondolewe barani humo, hivyo ndege zinazoleta chakula hurudi na taka.

Adha hiyo yote ina sababu. Miaka ya karibuni WAIS Divide ilitumiwa kama njia ya kufikia Thwaites, barafuto lenye eneo linalokaribia moja ya tano ya Tanzania. Likiyeyuka lote, kina cha bahari duniani kitapanda kwa takriban sentimeta 65, jambo linaloigusa miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa.

Msimu wa 2019 na 2020, dhoruba zilichelewesha safari za kwenda huko, na kila siku ya kungoja ilipunguza muda wa utafiti. Hata hivyo, Januari 2020 watafiti walitoboa barafu yenye unene wa karibu meta 600 kwa maji ya moto na kushusha roboti iitwayo Icefin. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba sehemu bapa za chini ya barafu hiyo zinayeyuka polepole kuliko ilivyodhaniwa, lakini ndani ya nyufa zinayeyuka kwa kasi.

Msimu ukiisha, mitambo na mizigo hupandishwa juu ya matuta ya theluji ili upepo wa majira ya baridi usiifukie kabisa. Hufukiwa hata hivyo, na watakaofika Novemba huanza kwa kuifukua.