Faili la Siku Moja

Mathari ilipofunguliwa Nairobi mwaka 1910, majengo yake yalikuwa yametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Sasa wakatengwa walioitwa wendawazimu. Aghalabu aliyefikishwa pale ni yule aliyevuruga amani: amepiga kelele sokoni, amevunja vitu vya watu. Faili lake lilianza siku hiyo.

Shida ni kwamba bipola haianzi siku hiyo. Ni maradhi ya kupanda na kushuka. Wiki hii mtoto halali, anaongea mbio, pesa zote zimeisha kwa mipango mikubwa. Baadaye anajifunika blanketi wiki nzima, hata chai hataki. Na aliyeshuka hivyo hasumbui askari. Anabaki nyumbani na mamake.

Ndiyo maana J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyeanza kusimamia Mathari mwaka 1938, alifika mahali pa kudai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu mwaka 1953. Yeye aliwaona waliofikishwa getini. Waliolala gizani nyumbani hawakuingia kwenye hesabu.

Ilhali huko Ulaya maradhi haya yalikuwa yameshatambuliwa kwa kufuatilia mwendo. Miaka ya 1850, Jean-Pierre Falret wa Paris aliyaeleza kama wazimu wa mzunguko. Mjerumani Emil Kraepelin aliandika kadi za wagonjwa wake, akafuata hali zao kwa miaka, na mwaka 1899 akaweka kupanda na kushuka chini ya jina moja. Siku moja haikumtosha.

Sasa niambie, nani mwingine anafuata mwendo wa mtu kwa miaka? Mzazi.

Daktari Thomas Adeoye Lambo alilijua hilo. Mwaka 1954 huko Aro, Abeokuta, Nigeria, mgonjwa alikuja na ndugu yake, wakapangishwa katika vijiji jirani na hospitali. Ndugu alipika, akamwangalia mtu wake, akaenda naye kwenye matibabu. Familia haikungoja nje ya geti.

Hata dawa inahitaji jicho hilo. Mwaka 1949, John Cade wa Australia alionyesha kwamba lithiamu hutuliza kipindi cha kupanda. Lakini kipimo kinachosaidia na kile kinachodhuru viko karibu mno, kwa hivyo damu lazima ipimwe mara kwa mara. Na hatari nyingine huja mtoto akitulia: anaacha vidonge, ati amepona.

Watu watakuambia umemlea vibaya, au kuna laana kwenu. Wapuuze, bipola hailetwi na malezi. Nunua daftari la shule. Andika saa alizolala, dawa alizomeza, pesa alizotumia, siku alizokataa kula. Akilala saa tatu tu kwa siku kadhaa na hachoki, usingoje avunje kitu, mpigie daktari. Akianza kuzungumzia kufa, usimwache peke yake, mpeleke hospitali hiyo hiyo siku.

Ukifika kliniki, huenda ameketi kimya, amechana nywele, anajibu kila swali kwa heshima. Hapo ndipo unatoa daftari. Faili lao lina siku zile mbaya alizoletwa. Siku zingine zote unazo wewe.