Udumavu wa watoto: Kenya yapiga hatua, Kilifi yasalia nyuma

IDADI ya watoto waliodumaa nchini Kenya imepungua kwa kiasi kikubwa tangu mwaka 2008, lakini Kaunti ya Kilifi, iliko Jilore, haijanufaika ipasavyo na mafanikio hayo.

Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa iwapo kimo chake ni kifupi mno kikilinganishwa na umri wake. Kudumaa si sawa na kukonda. Mtoto huweza kukonda katika majuma machache ya njaa au ugonjwa, ilhali kudumaa ni matokeo ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara kwa muda mrefu.

Kulingana na uchunguzi wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya, watoto 35 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa mwaka 2008-09. Kiwango hicho kilishuka hadi 26 mwaka 2014, kisha 18 mwaka 2022.

Kilifi ilikuwa na 39 kwa kila 100 mwaka 2014. Mwaka 2022 ilikuwa na 37, kiwango cha juu kuliko kaunti zote 47, ikifuatwa na Pokot Magharibi iliyokuwa na 34.

Ijapokuwa Mto Sabaki wapita karibu na Jilore, wakulima wengi wa bara ya Malindi hutegemea mvua. Mahindi yakikauka, jamaa maskini hubaki na sima na mboga kidogo. Chakula hicho hushibisha, ila hakimpi mtoto protini na madini ya kutosha. Malaria, minyoo na kuhara kutokana na maji machafu huzidisha hasara hiyo.

Kipindi muhimu zaidi ni siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aongezewe kunde, dagaa, mayai, mchicha na matunda huku akiendelea kunyonya.

Aidha, mzazi asiridhike na kipimo cha uzani kliniki, bali aombe kimo kipimwe pia. Mtoto aliyedumaa aweza kuonekana mnene na mchangamfu, na ufupi wake ukadhaniwa ni wa kurithi.