Maboma ya Misioni kando ya Tanganyika

Tukisoma kitabu cha Nehemia, tunaona watu wakijenga ukuta wa Yeruzalemu kwa siku 52, silaha mkononi. Sisi wa inchi ya Fizi na Baraka tunaifahamu kazi hiyo, kwani wakristu wa kwanza wa pwani yetu nao waliishi ndani ya boma.

Mapadri Weupe walifika Masanze mwaka 1880, wakakaa Mulweba. Mwaka 1883 wakaanzisha Kibanga, wakaiita Lavigerieville kwa heshima ya Kardinali Lavigerie. Siku zile wauza-watumwa walipita na bunduki, na Rumaliza wa Ujiji aliogopwa pwani nzima. Mapadri walikomboa watoto wengi, wakawatunza misioni. Asiye na boma hakuwa na usalama.

Lakini tusiliangalie boma upande mmoja tu. Kusini ya kwetu, katika Marungu, Luteni Emile Storms alijenga boma la Mpala mwaka 1883. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimwua chifu Lusinga, ambaye naye aliuza watumwa. Kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 Mapadri walipewa boma hilohilo, pamoja na lile la Karema ng'ambo ya ziwa. Aliyerithi ukuta alirithi na kiti cha chifu: Padri akaamua mashauri, na tangu 1887 Kapiteni Joubert akaongoza askari wa kulinda misioni. Ukuta uliomwokoa mtoto ulimtenga pia na watu wa vijijini.

Tena ukuta huzuia bunduki, hauzuii ugonjwa. Padri Amand Vyncke alifariki Kibanga mwaka 1888. Mwaka 1893 Kibanga ikaachwa, na wakristu wake wakahamia Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba leo. Huko, mwaka 1917, Stefano Kaoze akapewa upadri, Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi. Yeye alikuwa Mtabwa wa Marungu, mwana wa kijiji. Injili ilikuwa imekwisha kutoka nje ya boma.

Basi ndugu makatekista, na ninyi waseminari mnaporudi likizo, waulizeni wazee kuta zilisimama wapi na nani alizijenga. Andikeni habari za waliokombolewa, na za waliobaki nje vilevile. Tukiwasahau hawa wa pili, tutakuwa tumejenga ukuta mwingine, na safari hii hakuna adui wa kutulazimisha.