Shilingi Moja ya Juu

Wazee wetu wa Kigujarati walikuwa na desturi ya kuchanga shilingi 101 au 501, si 100 wala 500. Kwao sifuri ilikuwa mwisho, na moja ilikuwa mwanzo: mkono uliotoa leo utatoa tena kesho.

Kwa michango ya namna hiyo jumuiya ndogo za Wahindu zilijenga kumbi katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha, familia nyingi zilihama nchi, na madaftari ya michango yakabaki na majina machache. Waliobaki waliendelea kuandika ile moja. Hapa mpakani riziki haikukatika: mwaka 1973 reli ya TAZARA ilivuka Tunduma kuingia Zambia, na mwaka 2016 mji wetu ukawa sehemu ya Mkoa mpya wa Songwe.

Ukumbi wetu si wa waumini peke yao. Majirani huozesha mabinti zao humo, na msiba ukitokea wakati wa mvua, waombolezaji hujistiri chini ya bati lake. Bati hilo sasa linavuja.

Navaratri hutangulia mvua za Novemba. Katika usiku wake tisa, chakula kitauzwa ukumbini, na daftari litakuwa wazi mezani, kila mtu asome mchango wake na matumizi yake. Karibuni nyote, wa Tunduma na wa Nakonde. Mwenye 1,001 na alete. Mwenye moja tu, naye jina lake litaandikwa.