Kiungo cha Taya na Kilio cha Sikio

Sikio linauma, lakini tabibu akimulika ndani haoni usaha wala wekundu. Jino la nyuma nalo linashukiwa, likigongwa, zima. Mgonjwa anarudi nyumbani Nambambo, Nachingwea, na kichupa cha dawa ya matone, na wiki inayofuata maumivu yako palepale. Jirani wa hao wawili ndiye hakuulizwa: kiungo cha taya.

Wataalamu hukiita kwa herufi tatu za Kiingereza, TMJ, na herufi hizo zimeingia katika mazungumzo ya Kiswahili kwa mlango usio wake. Husikika mtu akisema fulani "ana TMJ". Kila mtu anazo, tena mbili, moja kila upande wa uso! Herufi za maradhi ni TMD, na hayo ni kundi la hali zaidi ya 30, nyingine za kiungo chenyewe, nyingine za misuli ya kutafunia. Kwa hiyo "matatizo ya kiungo cha taya na misuli yake", japo ni jina refu, linafaa kuliko "ugonjwa wa taya", ambao waweza pia kuwa uvimbe, jipu la jino au mfupa uliovunjika.

Kiungo kina kazi nyingi katika Kiswahili. Sokoni ni iliki na mdalasini. Kwa mashabiki wa timu ya soka ya Namungo kule Ruangwa ni mchezaji wa katikati. Mwilini ni mahali mifupa inapokutana, na hiki cha taya kina mambo yake. Kinywa kikianza kufunguka, kichwa cha mfupa wa taya huzunguka kama bawaba, kisha huteleza mbele, huku kisahani chembamba kikikitenga na fuvu. Anayetaka kukipapasa aweke kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, afumbue kinywa, afumbe. Kinachosogea ndicho.

Kisahani kikihama mahali pake, taya hulia "ko!" Mlio usio na maumivu hauna haja ya tiba, na wengi huzeeka nao. Wa kwenda kupimwa ni yule anayeamka mashavu yamechoka na panja zinagonga, akadhani ni kipanda uso, au ambaye taya humkwamia katikati ya mlo. Mtu mzima kwa kawaida huweza kupitisha vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele, ya juu na ya chini. Kikipita kimoja tu, pana jambo.

Chanzo huwa zaidi ya kimoja: kusaga meno usingizini, kuyabana kwa mawazo, kuanguka na bodaboda, baridi yabisi. Vyakula vigumu huchokoza palipokwisha kuuma: mhogo mkavu, muwa unaomenywa kwa meno, karanga.

Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio, pua na koo huko St. Louis, Marekani, alizikusanya dalili hizi na kulaumu magego yaliyong'oka. Maelezo yake hayakudumu, na leo haishauriwi kung'oa wala kuchonga meno kwa ajili ya tatizo hili. Tiba ya mwanzo ni uji, ugali laini wenye mchuzi, kitambaa cha maji ya moto shavuni na dawa ya maumivu. Anayesaga meno usiku hutengenezewa kinga ya plastiki na daktari wa meno. Upasuaji ni wa wachache.

Taya lililokaza siku chache baada ya mtu kujikata kwa jembe au kuchomwa na msumari ni habari nyingine kabisa: huenda ni pepopunda, na hospitali ni saa hiyo hiyo.

Lipo pia taya linaloteguka. Mtu anapiga mwayo mrefu, kinywa kinabaki wazi, mate yanamtoka, kusema hawezi. Kumzaba kibao, kama wengine wanavyoshauri, ni kumwongezea mateso. Mafunjo ya Misri yanayojulikana kwa jina la Edwin Smith, ya mnamo mwaka 1600 KK, yanaeleza namna ya kulirudisha: vidole gumba ndani ya kinywa, vingine chini ya kidevu, kisha taya lisukumwe nyuma. Daktari wa leo hufanya karibu vivyo hivyo, ila hubonyeza chini kwanza, na gumba zake huzizungushia shashi, maana taya likirudi, meno hufunga kwa nguvu.