Safu ya Lugha: Kuridhia

Migebuka inayoliwa Sumbawanga hutoka Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo lina mkataba wake. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia ziliutia saini Dar es Salaam, Juni 12, 2003. Anayesema kwamba siku ile nchi nne “ziliridhia” amechanganya mambo, maana mkataba ulianza kutumika mwaka 2005 tu, baada ya nchi kuanza kuuridhia.

Saini ya waziri humalizika kabla chai haijapoa. Kuridhia, kwa huku kwetu, ni kazi ya Bunge: Ibara ya 63 ya Katiba ya 1977 inalipa mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa.

Shina ni lile la radhi na ridhaa, kutoka Kiarabu. Lakini kuridhia si kuridhika. Kuridhika ni hali ya moyo. Kuridhia ni tendo, nalo hufunga. Mzee wa Ufipa anaweza kuridhia posa ya binti yake huku mahari haijamridhisha hata kidogo. Wabunge nao hivyohivyo, nadhani mara nyingi.

Kupitisha je? Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014; ridhaa ya wananchi ingepatikana kwa kura ya maoni, ambayo iliahirishwa mwaka 2015. Na Hati za Muungano zilisainiwa Aprili 22, 1964, Bunge la Tanganyika likaziridhia siku chache baadaye. Kama Baraza la Mapinduzi la Zanzibar nalo liliridhia, wanasheria wanabishana hadi leo.