Adui Mikononi mwa Tabibu

Msomaji wangu, kila siku wanawa mikono kabla ya kula, wala huoni ajabu. Labda hujui kuwa jambo hilo dogo liliwahi kuzusha ugomvi mkubwa baina ya wataalamu wa Ulaya, na kwamba mama wengi walipoteza maisha kabla halijakubaliwa. Nakusihi unisikilize kisa chake.

Mwanamke akiisha kujifungua, tumbo lake la uzazi huwa kama jeraha bichi. Vijidudu vikipata njia ya kupenya humo, huzaana upesi na kuenea katika damu. Maradhi hayo huitwa homa ya uzazi. Zamani, kabla ya kupatikana dawa za kuua vijidudu, yaliwaua wengi kwa siku chache tu, wakaacha watoto wachanga.

Mwaka 1846 tabibu kijana wa Hungaria, Ignaz Semmelweis, alianza kazi katika hospitali kuu ya Vienna, mji mkuu wa Austria. Palikuwa na idara mbili za uzazi: katika ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa utabibu, na katika ya pili walifundishwa wakunga. Mwaka huo idara ya kwanza ilizalisha wanawake 4,010, wakafa 459. Ya pili ilizalisha 3,754, wakafa 105. Wanawake wa mji waliijua tofauti hiyo; walilia na kupiga magoti wasipelekwe idara ya kwanza.

Wakubwa walisema kuwa kisa ni hewa mbaya. Semmelweis akajiuliza: ikiwa hewa ni moja, mbona vifo si sawa? Akabadili jinsi wanawake walivyolazwa wakati wa kuzaa. Akamwomba hata padri aliyepita na kengele kwenda kwa wagonjwa mahututi abadili njia, asije akawatia hofu. Vifo havikupungua.

Hata Machi 1847, rafiki yake Profesa Jakob Kolletschka alichomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Akaugua, akafa, na dalili zake zilifanana na zile za akina mama. Hapo Semmelweis akafumbuka macho. Matabibu na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda kuwapima wanawake kwa mikono ile ile! Wakunga hawakupasua maiti. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Mei 1847 akaamrisha kila mtu aoshe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mgonjwa. Aprili walikuwa wamekufa wanawake 18 katika kila 100. Julai alikufa mmoja hivi katika 100. Mwaka 1848, katika wanawake 3,556, walikufa 45.

Je, wadhani alishangiliwa? La. Wengi walikataa kusadiki kuwa mikono ya mtu mwungwana na msomi huweza kuua. Naye hakuwa bila kosa: alichelewa kuandika, hakitoa kitabu chake mpaka 1861, na katika barua zake aliwaita wapinzani wake wauaji. Mwaka 1849 mkataba wake haukuendelezwa, akarudi Hungaria. Mwaka 1865 alifungiwa katika nyumba ya wenye wazimu huko Vienna, akafa humo kwa jeraha lililooza, akiwa na umri wa miaka 47. Mwaka 1879 Louis Pasteur alieleza mjini Paris vijidudu alivyoviona katika homa ya uzazi. Lakini Semmelweis alikuwa kaburini.

Msomaji, matabibu wale hawakuwa watu waovu. Walitaka kuponya, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kwao kukiri kuwa waliua. Kweli inayomshitaki mtu mwingine huaminika upesi; inayotushitaki sisi wenyewe huhitaji moyo wa ushujaa. Siku hesabu itakapokuonyesha kuwa kosa ni lako, usimkasirikie aliyehesabu. Itazame mikono yako kwanza.